Nilijiita Machiniste wa Mvuke, Sasa Injini Ndogo Inanishitaki

Mpendwa Maman Feza, mushauri wetu, naomba msaada, na kwanza naomba ukae kwenye kiti yenye miguu ine mizima, juu mambo yangu iko ya kuchekesha na ya kuhuzunisha pamoja, na mutu mwenye kucheka na kulia mara moja anaweza kuanguka. Mimi ni muzee wa miaka makumi saba na ine, niko katika retraite, kazi niliacha, shule niliachia ya tano primaire pale mwalimu alichoka na mimi ao mimi nilichoka naye, mpaka leo hatujakubaliana nani alianza, kwa hiyo ukikuta makosa ya kuandika uipange mwenyewe, bic, kalamu ya gazeti, iko mukononi yako.

Naishi hapa Muhumba, katika kinyumba cha nyuma kwa mutoto wetu Bruno, mimi na bibi yangu Colombe. Majina ya humu ndani nimeyageuza yote, isipokuwa ya rafiki yangu Akonkwa, juu yeye gazeti hasomaki, anafungiaka ndani samaki.

Sasa sikia. Ile mwaka nilienda kumuomba Colombe kwa baba yake, nilikuwa na miezi tatu tu ya kazi katika kiwanda moja ya majani ya chai kule milimani, kiwanda yenye ilishafungwa zamani na leo nyasi inaota mpaka ndani ya bureau ya direkta. Muzee alikaa na wajomba wote, kikombe ya kasiksi, pombe ya ndizi, mukononi, akaniuliza: «Kijana, kule kiwandani unafanyaka nini?» Maman Feza, kazi yangu ilikuwa pointeur. Pointeur anasimama ku mulango asubui na kaye ya kuandikia na bic, mutu akiingia anamutilia alama, akichelewa anamutilia alama ingine, na kazi imekwisha, saa tatu ya asubui uko unatafuta kivuli. Lakini mbele yangu alikuwa amekwisha kupita mwalimu Edouard, kumuomba ule ule binti, mwenye diplome, mwenye kinga, baiskeli mupya, mwenye saa ya mukono, na mimi nilikuwa na alama. Ulimi ikasema yenyewe, mimi nilikuwa tu naisikiliza: «Papa, niko machiniste wa chaudière.» Chaudière ni ile tungi kubwa ya chuma yenye kupika mvuke, na mvuke njo inazungusha mashini zote. Nikaongeza, juu uongo ni kama chumvi, ukiisha kutia kidogo mukono inataka tena: «Nikifunga robinet moja, ile ya kufungulia mvuke, kiwanda yote inasimama, na muzungu pamoja.»

Muzee akaweka kikombe chini. Akasema: «Edouard anafundisha watoto wa watu. Huyu anaamuru moto.» Na Colombe, mwenye alikuwa nyuma ya mulango anajifanya anachagua maharagi, akakubali. Ni vile nilioa.

Mwenye alikuwaka anaamuru moto ni Akonkwa. Yeye njo machiniste wa kweli, mutu wa kisiwa ya Idjwi, mikono kama magome ya muti, anaweka sikio kwa chuma na anakuambia maji iko ngapi ndani. Kila siku ya posho, njo jumamosi, mbele ya kushuka nyumbani, nilipitia kwake, na yeye alikuwa ananingojea na kitambaa ya masizi.

«We pointeur, leo tukupakaze wapi?»

«Hapa kifuani, kaka, bibi aone vizuri.»

«Na ku pua?»

«Ku pua kidogo. Nisionekane sawa natoka kwa moto wa Shetani.»

Alicheka mpaka anashika ukuta. Hakunisemea hata siku moja, na mimi nilimutilia alama ya saa kumi na mbili kamili hata siku zenye alikuja saa moja na nusu, kwa hiyo tulikuwa tunasaidiana.

Kiisha kiwanda ikafungwa, tukashuka hapa muji, nikafanya kazi huku na huku mpaka miguu ikakataa, lakini jina ilibaki. Kartye yote, mutaa muzima, inaniita Papa Machiniste. Watoto wangu sita waliandika kwa karatasi ya shule, kazi ya baba: machiniste. Na uongo yangu ilikuwa na bahati kubwa, Maman Feza: Bukavu hakuna mutu mwenye chaudière nyumbani. Ningejiita fundi wa radio wangenikamata ile wiki. Lakini miaka makumi tano hakuna mutu hata moja alinigongea asubui kusema, papa, kuja, chaudière yangu inakohoa.

Njo ikaja retraite. Retraite ni ugonjwa, daktari hawaandikaki tu. Unaamuka saa kumi na mbili sawa zamani, unavaa, unafunga mukaba, kiisha unakumbuka hakuna kwenye unaenda, unafungua mukaba. Siku moja mujukuu wangu Ariane, mwenye anasoma chuo, akaniletea telefone: «Babu, angalia wenzako.» Nikaangalia. Wazungu wazee, mvi kama yangu, tumbo kunipita, wanakaa ku garage wanatengeneza injini ya mvuke, ndogo, ya kulala mukononi, na inazunguka kweli, inapuliza kweli, na moja wao alikuwa ametengeneza treni nzima na alipanda juu yake anazunguka katika majani sawa mufalme juu ya kuku. Ariane alicheka. Mimi sikucheka. Nikasema moyoni: hii ni njia. Mbele ya kufa, nitengeneze moja, na uongo yangu itakuwa kweli kwa nyuma.

Maman Feza, mimi sikujua kushika lime. Lime ya kukwangulia chuma, miaka makumi saba na mbili na sijashika. Nilianza kama mutoto wa gardienne, shule ya vidudu. Nilinunua kipande ya bomba ya cuivre, shaba nyekundu, kwa plombier, fundi wa bomba, nikatafuta robinet ya zamani ya chuma njano juu nilisikia iko na tundu muzuri kwa silinda, na gurudumu nikatoa kwa mashini ya kushona ya Colombe yenye ilikufa zamani. Pistoni ya kwanza ilikuwa na umbo ya ndizi. Ya pili iliingia haikutoka. Nilifanya saba. Nilijifunza kuhesabu nusu ya milimetre, mimi mwenye nilikuwa nahesabu watu. Kwa kuunganisha chaudière nilienda soko ya Kadutu kwa Willy, fundi wa radio, akanipigia soudure ya étain, ile bati ya kuyeyusha ya redio, muzuri, inangaa. Na chini natia moto ya pombe. Alcool ya duka ni ghali na ni mubaya, kwa hiyo ninatia kanyanga, pombe kali ya kienyeji, inawaka buluu, safi, na injini inakunywa kunipita, hata kama majirani wananisingizia ni mimi ninaikunywa.

Sasa sikia ile yenye haikunichekesha. Siku moja asubui, Colombe alikuwa ameenda misa, nikawasha, nikangoja, maji ikaanza kuimba ndani, nikasukuma gurudumu na kidole, ikakataa, nikasukuma tena. Na ikaenda. Maman Feza, ilienda yenyewe. Mara ine, tano, kiisha ikashika, ikazunguka mpaka sikuona tena miguu ya gurudumu, na mvuke kidogo inatoka ku pembeni, tsu tsu tsu tsu, sawa kitu yenye inapumua. Nikalia. Muzee mwenye hakulia alipozika kaka yake, nalia mbele ya robinet. Na nilisikia mulango, Colombe amerudi, na kinywa yangu ikafunguka kumuita: kuja uone! Kiisha nikaifunga. Juu machiniste wa miaka makumi tano haiti bibi yake kuona gurudumu inazunguka. Kwake hii ni kama mupishi anamuita kuona maji inachemuka. Nikajipangusa uso na nikajifanya nakohoa. Akapita, akasema: «Ah, inatembea,» nikasema: «Itafanya nini,» kama mutu mwenye amechoka na mambo hiyo. Ile siku nilijua kwamba nilijiibia.

Wiki mbili kiisha ile, kipande ya juu yenye kutoa mvuke ikizidi, ile soupape, ilikuwa inapuliza mbele ya wakati na inanikasirisha, nikaifunga na waya. Kiisha nikasahau maji, juu nilikuwa nabishana na Bruno mambo ya siasa. Étain ikayeyuka, kitako ya chaudière ikaanguka, kanyanga ikamwangika ku meza na moto inakimbia juu yake sawa panya. Nilizima na blanketi. Kitambaa ya meza ilienda, na nyusi yangu ya kushoto ilienda. Colombe akakuja, akaangalia meza, akaniangalia mimi, akapitisha kidole pale nyusi ilikuwa, akasema: «Mara ya kwanza katika miaka makumi tano nakuona na alama ya kazi.» Nikafurahi sana. Nilienda mpaka kwa kinyozi kuonyesha.

Willy amekwisha kupiga étain mupya. Lakini mambo njo haya: siku ya posho yenye inakuja ni jubilé yetu ya ndoa, miaka makumi tano, misa kubwa, kikwembe ya jubilé, ile kitenge, imekwisha kushonwa, wamaman wa shirika wamekwisha kugawana sufuria. Na unajua desturi ya parokia yetu, wakati wa matoleo watu wa jubilé wanapeleka kwa altare kitu ya kazi yao. Seremala analeta randa, mukulima analeta jembe, mwalimu chaki. Colombe amepanga, yeye peke yake, hakuniuliza: mimi nipeleke injini, na moto chini, inazunguka, mbele ya watu wote, na mwenye kusoma atasema: huyu ni Papa fulani, machiniste, mutu mwenye aliamuru moto. Na amemuita Akonkwa. Anatoka Idjwi siku ya tano, siku moja mbele ya misa, na mashua. Colombe alisema: «Lazima akuje. Yeye njo mwenye anajua kazi yako.»

Maman Feza, Mungu simuogopi katika mambo hii. Yeye alijua tangu siku ya kasiksi na hakunisemea. Hata padri moja nilimwambia katika kitubio, alicheka nyuma ya kile kipazia, nilimusikia kwa sikio yangu, akanipa Salamu Maria tatu. Kwa uongo yenye ilileta bibi na watoto sita, niliona bei iko muzuri. Kwa Mungu imekwisha. Kwa Colombe haijaanza. Juu ule Edouard akawa direkta, akajenga nyumba ya vyumba munane, na bibi yake alifika mpaka Roma na mapelerinaje, ile safari ya kwenda kusali. Na ile mwaka ya njaa, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, dada yake alimuambia Colombe: ungekubali mwalimu. Akajibu, nilikuwa nasikia: «Mwalimu alikuwa na chaki. Mimi nilichagua mutu wa moto.» Amebeba ile neno maisha yake yote sawa sahani ya kioo. Nikisema, inaanguka. Nisiposema, napeleka uongo mpaka kwa altare na iko inazunguka na kutoa mvuke.

Niambie: nimuambie, ao nikaze injini, nipeleke, nife nayo? Na jibu haraka, juu siku ya posho haingoji mutu.

Ni mimi, Papa Machiniste, Muhumba.

*

Papa Machiniste,

Nimecheka. Nimecheka peke yangu katika bureau mpaka wenzangu walikuja kuuliza kama nimepokea urisi. Sasa nimemaliza kucheka, na wewe pia maliza.

Jibu hii nakutumia kwanza ndani ya bahasha, na gazeti itaichapa kiisha jubilé, kama utakubali. Umegeuza majina, ndiyo, lakini katika Bukavu nzima wazee wenye injini inayokunywa kanyanga ni moja, na Colombe hawezi kujifunza maisha yake kwa gazeti yenye jirani amefungia mukate.

Tuanze na kitu yenye inaweza kukuua kesho. Uongo yako ina miaka makumi tano na haijaunguza mutu. Ile tungi yako haijafika mwaka na imekwisha kula nyusi. Nimeenda kuuliza mutu mwenye anafundisha soudure, nikamusomea barua yako, na pale kwa waya aliruka kutoka kwa kiti. Ile waya uitoe leo, mbele ya kukula. Soupape ikipuliza, inakuokoa. Wewe uliifunga kinywa juu inakukasirisha, na naona ni tabia yako kwa kila kitu yenye inataka kusema kweli. Étain ya radio ni ya radio: maji ikiisha ndani inayeyuka sawa mafuta. Inatakiwa soudure ya arjan, njo madini ya feza, na moto ya nguvu, na mutu mwenye amekwisha kuifanya. Kiisha, mbele ya kuwasha tena, ijazwe maji baridi mpaka juu na isukumwe na pompe mara mbili kupita nguvu ya kazi. Ikipasuka na maji baridi, inakuloanisha tu. Ikipasuka na mvuke, jubilé inakuwa matanga, na kikwembe ni ile ile. Mpaka pale, usiwashe. Wala mara moja. Wala «kujaribu tu».

Sasa Colombe.

Papa, ile shemizi, ile shati yenye ulipakaa masizi kifuani kila siku ya posho, nani alikuwaka anaifua? Kwa barua yote hukujiuliza. Mama yangu alifua nguo za mutu wa garage miaka makumi mbili, baba yangu, na mimi niliinama pale pembeni yake ku basini. Masizi ya kazi haikaaki kifuani sawa medali. Inaingia ku kola, ku mushono ya makwapa, ndani ya mifuko, chini ya kucha, ndani ya masikio, inalala na mutu mpaka mashuka inajua anafanya kazi gani. Ya kwako ilikuwa mbele tu, siku moja kwa wiki, na nyuma mweupe pe. Na bic ilikuwa inavuja ku mufuko ya juu, sivyo? Kwa pointeur wote inavujaka.

Kiisha soma tena yenye alikuambia pale nyusi iliungua. «Mara ya kwanza katika miaka makumi tano nakuona na alama ya kazi.» Wewe ulienda kwa kinyozi kujionyesha! Mimi nilirudia kuisoma mara tatu. Mwanamuke mwenye anaamini bwana wake alikaa miaka yote mbele ya moto hawezi kusema vile. Na ni yeye alimuita Akonkwa. Akasema Akonkwa njo anajua kazi yako. Ni wewe ulisikia sifa.

Sisemi anajua. Mimi ni mushauri, si mulaguzi. Nasema tu inawezekana anajua tangu watoto wawili wa kwanza, na amenyamaza, na ile neno ya mutu wa moto alimujibu dada yake njo kusudi usikie nyuma ya ukuta na usiinamishe kichwa. Kama ni vile, umebebwa mugongoni miaka makumi tano na wewe ulijiona unatembea. Na kama hajui, anastahili kusikia akiwa amekaa nyumbani kwake, na viatu vya ndani, hapana katikati ya wamaman wa shirika na sufuria zao. Kwa njia zote mbili jibu yangu ni moja. Muambie, na acha kuzungukazunguka.

Na hii nitakuambia bila sukari. Unasema unaogopa sahani yake ya kioo. Si kweli, Papa. Unaogopa ya kwako. Usimuingize mwalimu Edouard na Roma ya bibi yake. Yule mutu alikuja na diplome yake ya kweli akafukuzwa juu ya uongo yako, muache apumuzike. Ulikuwa kijana na ulimutaka binti, hiyo naelewa, na mimi pia kuna mutu alinidanganya umri ile wakati na leo niko naye. Lakini Colombe alichagua nyuma ya ule mulango na habari ya uongo mukononi, na ni wewe ulimupa. Hiyo si kichekesho ya kasiksi. Padri kukupa Salamu Maria tatu, hiyo ni hesabu yake na Mungu. Mwenye ulikosea bado hajaulizwa.

Lakini pale ulilia mbele ya robinet, pale nilikuwa na wewe kabisa. Pistoni saba! Mutu wa makumi saba na kitu, hajashika lime, anakwangua mpaka nusu ya milimetre. Ningekuwa jirani yako ningekuja kupiga makofi. Na hakuna mwenye alipiga, juu mutu mwenye anajifanya fundi hana ruhusa ya kuwa mwanafunzi. Ni hiyo uongo ilikula kwako: ilikuacha na jina ya mwisho wa safari na ikakukataza kuanza. Wale wazee wa telefone ya Ariane, unafikiri walianza wanajua? Tofauti ni moja, wao bibi zao walijua ni mara ya kwanza, walikuja kuangalia, walicheka ile pistoni ya ndizi pamoja. Na Colombe alipita pale akasema «inatembea», na alisimama kidogo, nina hakika alisimama kidogo, anangoja umuambie kitu. Wewe ukakohoa.

Basi fanya hivi.

Leo, ukisoma hii, ao kesho asubui, kupita pale hapana. Ungoje Bruno aende kazi. Usimuite Akonkwa kama shahidi, juu si yeye alioa. Usikunywe ile mafuta ya injini yako, hata tone ya kujitia nguvu. Ukinuka kanyanga atafikiri ni yenyewe inasema. Usianze na hadithi ya muzee na kikombe, juu unaisimulia vizuri sana, atacheka katikati na utapata njia ya kutorokea. Weka injini ku meza, baridi, na kitako yake yenye iliyeyuka na Willy akaipiga tena, uionyeshe vile iko. Kiisha sema: «Colombe, pale kiwandani sikukuwa machiniste. Nilikuwa pointeur. Hii njo injini yangu ya kwanza, na bado sijui kuifanya.» Ile tu. Inatosha. Ukiongeza neno moja juu, itakuwa mapambo.

Akilia, usimubembeleze na mizaha. Akikasirika, kasirikiwa. Anaweza kutoka kwenda kwa dada yake. Umuachie mulango wazi na upike. Akisema «nilijua», usimuulize tangu lini, siku hiyo hapana. Atakuambia akitaka.

Mambo ya altare, yeye njo ataamua, juu yeye njo alipanga. Akisema peleka injini, utapeleka, baridi, bila moto wala kanyanga, na mwenye kusoma atasoma jina yenye Colombe atamuandikia. Akisema peleka kaye na bic, utapeleka kaye na bic, na shingo iliyonyooka, juu kuwaandika watu asubui ni kazi, na kuna watoto walikula juu baba yao alitiliwa alama siku alichelewa. Akisema jubilé isifanyike, haitafanyika, na wewe utaenda mwenyewe kuwaambia wamaman wa shirika ni juu yako, si juu yake.

Siku ya tano uende ku port, umupokee Akonkwa, umubebee mufuko. Uzee wenu umebakisha kazi: yeye anajua chaudière na hana, wewe uko na chaudière na hujui. Muambie akufundishe. Muambie mbele ya watu, na sauti. Itakuuma kidogo pale ku koo, kiisha itapita, kama dawa ya minyoo.

Na jambo ya mwisho, nalo ni gumu kwako kupita yote, juu nimesoma barua yako na najua ni mutu wa namna gani aliiandika. Ukiisha kusema zile sentensi, nyamaza. Usijitetee, usimuige baba yake, usitafute mwenye kucheka. Vuta kiti, ukae, uweke mikono juu ya magoti. Hata akikaa saa nzima bila kusema kitu, kaa naye ile saa nzima. Wewe umesema miaka makumi tano, Papa. Zamu ni yake.

Maman Feza